Lori Lililoongeza Oili

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi zetu. Sisi hatujambo, ukiacha goti langu ambalo limegeuka mtabiri: wingu halijatanda, lenyewe limeshajua. Mpwa wako sasa ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akifungua kinywa, hata watoto wanaolia viti vya nyuma hunyamaza. Ile tabia ya kulamba chumvi kiganjani hajaiacha, na wewe unajua aliirithi kwa mjomba gani. Mimi nimepewa kazi ya kushona majoho mapya ya kwaya nzima, meupe kama maziwa, kwa ajili ya mkutano mkubwa wa kanisa mwishoni mwa Juni. Cherehani inaimba tangu asubuhi. Shemeji yako anakusalimu.

Baada ya hayo, nina jambo. Mama Mkwe anaumwa. Usishtuke, sijaolewa upya. Nasema lori. Tulilipa jina hilo baada ya wewe kuondoka, kwa kuwa halisemeshwi kwa ukali, na likinuna, nyumba nzima inanuna.

Lina kikohozi. Kwenye tambarare linakwenda vizuri, lakini likipanda mlima na mzigo linaanza kukohoa, linaishiwa pumzi, linazimika. Ukilisubiri kidogo linawaka tena kama vile si lenyewe. Na pale linapolala uani, kila asubuhi nakuta doa mchangani chini ya injini. Nimenusa. Ni petroli. Harufu imeshaingia hata kwenye nguo ninazoanika. Nilipomwambia shemeji yako, akasema, "Mke wangu, lori linalonuka petroli ni lori lililo hai. Ogopa siku litakapoacha kunuka." Wapakiaji wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaenda nikalihamisha jiko langu la mkaa, nikalipeleka upande wa pili wa nyumba.

Najua yaliyopo kati yenu. Tangu ulipomwambia mbele ya wapakiaji wake kwamba lori hilo ni la kuuzwa vyuma chakavu, ufundi wako hautajwi hapa. Lakini wewe ni ndugu yangu na ni fundi, na mtu akiumwa jino haendi kwa kinyozi. Niambie nitazame nini. Nitatazama akiwa hayupo.

Dada yako

*

Tarehe 27 Februari

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Barua yako imefika kambini ikiwa na vumbi kuliko mimi. Tunachonga barabara mahali ambapo hata mbuzi hajawahi kupita, na posta yetu ni lori la chakula. Likikwama, habari zinakwama pamoja na maharage. Mimi mzima. Nimepungua kidogo kwa sababu mpishi tuliyepewa nadhani ni seremala aliyekosea mlango. Mwambie mpwa wangu aimbe, chumvi atalaumiwa akizeeka. Na shemeji ananisalimu? Haya, nimepokea.

Sasa tumwone mgonjwa. Lori la zamani kama hilo halina ujanja mwingi. Petroli inatoka tangini, inavutwa na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa hadi kwenye kabureta. Ndani ya pampu mna kipande cha mpira mwembamba, kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Kinapanda na kushuka, na hiyo ndiyo nguvu yote ya kusukuma. Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo, hivyo pampu dhaifu inatosha. Mlimani injini ina kiu, pampu haifikishi. Hicho ndicho kikohozi. Usikubali mtu akwambie ni plagi kabla hujapima.

Fanya hivi injini ikiwa imepoa, na pasiwe na moto karibu, hata sigara ya jirani. Pitisha mkono kwenye bomba lote kuanzia tangini. Panapokuwa na unyevu, nusa kidole. Tazama viungo vya mpira, maana mpira mzee hupasuka kama kisigino. Kukiwa kukavu, chomoa bomba pale linapoingia kwenye kabureta, litie kwenye chupa, mtu apige starta kidogo. Petroli inatakiwa iruke, ikatike, iruke, ikatike, kama moyo unavyopiga. Ikidondoka tu, pampu imechoka.

La mwisho. Chini ya pampu utaona kitobo kidogo. Watu hudhani ni kasoro. Kimewekwa makusudi: ile ngozi ya ndani ikichanika, petroli hutokea hapo, ili mwenye macho aone. Ndio mdomo wa pampu. Ukikuta kinadondosha, niandikie upesi, na lori lilale.

Ndugu yako

*

Tarehe 18 Machi

Mdogo wangu,

Amani iwe nawe na mpishi wako asamehewe. Huku mvua zimeanza, goti langu lilisema kweli. Majoho nimefika kwenye mikono. Yule mama mnene wa sauti ya pili nimempima mara mbili na kila mara anavuta pumzi ndani, kwa hiyo joho lake nitalishona kwa imani.

Nilifanya kama ulivyosema. Mpwa wako alipiga starta, mimi nikashika chupa. Petroli haikuruka. Ilidondoka kama mate ya mtoto anayeota meno. Nikainama nikatafuta kile kitobo, nikakiona, tone linaning'inia. Nilikuwa bado nimeinama, mikono imechafuka hadi kwenye viwiko, nikasikia nyuma yangu, "Mke wangu, ulipookoka hukuniambia kwamba na ufundi umo." Shemeji yako alikuwa amerudi mapema.

Hakugomba. Alimwita fundi wa mtaani. Huyu tunamwita Daktari kwa sababu ya koti jeupe alilopewa na mtu wa maabara, ingawa siku hizi ukilitafuta jeupe lake hulioni. Alizibua chujio, akapuliza mabomba kwa mdomo, akatema. Kisha akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakifinyanga kwa vidole mpaka kikawa kama ugoro, akakibandika kwenye kitobo na kukifunga kwa kitambaa.

Nikasema, "Fundi, mdogo wangu anasema hapo ni mdomo."

Akajibu, "Mama, mdomo unaosema sana huzibwa."

Walicheka wote. Nami nikaingia ndani kwa aibu. Lakini lazima niseme kweli: mchanga sasa ni mkavu, harufu uani imepungua, na kikohozi kimepungua pia. Labda tumshukuru Mungu na sabuni. Nasubiri neno lako.

Shemeji yako anakusalimu.

Dada yako

*

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nadhani maharage yamekwama. Nakuombea popote ulipo.

Naandika tena kwa sababu hapa nyumbani pametokea jambo ambalo watu wanaliita kubwa. Unakumbuka Mama Mkwe alivyokuwa mlevi wa oili. Kila wiki tulikuwa tunaongeza. Sasa haliombi tena. Kwanza oili ilibaki palepale. Kisha ikaanza kupanda. Shemeji yako alikipanguza kile kijiti cha kupimia, akachovya, akapanguza, akachovya tena. Imepita alama ya juu. Akaniita kwa sauti ndogo, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala: "Inaongezeka." Akapiga magoti palepale kwenye gurudumu. Mdogo wangu, sijamwona mume wangu akipiga magoti namna ile tangu mama yake alipokuwa mahututi.

Jumapili alitoa ushuhuda. Alisema, "Kuna mtu aliliita lori langu vyuma chakavu. Njooni mwone vyuma vinavyozaa." Akasimulia habari ya yule mjane wa kwenye Biblia ambaye chupa yake ya mafuta haikukauka. Kanisa zima lilisimama. Mchungaji mwenyewe alikuja uani, akashikishwa kijiti, akakiangalia kwenye jua. Wakakubaliana papo hapo kwamba kwaya itakwenda mkutanoni kwa lori letu na si kwa gari la kukodi. Nilipiga makofi na wenzangu. Lakini lile neno, mjane, lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nimekunywa maji, halishuki.

Kinachozidi anakipunguza na kukitia kwenye dumu. Amenipa kidogo nipake cherehani. Niliipaka. Ni nyepesi mno, inakimbia kama maji ya kunawa, na cherehani badala ya kunyamaza imeanza kulia kwa chuma. Tena majoho yananuka petroli. Nimeyafua, nimeyaanika, bado yananuka. Shemeji yako anasema ni pua yangu.

Je, ni pua yangu?

Anakusalimu.

Dada yako

*

Tarehe 22 Aprili

Dada yangu,

Nisamehe. Kambi imehama, na barua yako ya Machi ilikwenda kunitafuta kule tulikotoka ikakuta majivu ya jiko na mbwa mmoja. Nimeipata jana. Kama umeandika nyingine, bado iko njiani.

Mimi mzima. Sina habari nyingine, acha nifike.

Sabuni. Nilipofika kwenye neno hilo nilisimama. Ni kosa langu kutokukwambia kitobo kile kisizibwe. Sikudhani yupo mtu wa kukiziba.

Dada, petroli haijaacha kuvuja. Imebadilisha njia. Mwanzo ilikuwa inatoka nje ambako unaiona na kuinusa. Sasa mlango huo umefungwa, kwa hiyo inaingia ndani ya injini, inachanganyika na oili. Hutaona tone mchangani. Utaona oili inapanda kwenye kijiti. Mtu mwingine anaweza hata kufurahi.

Chovya kijiti, dondosha tone moja kwenye karatasi safi, usilipanguse, liache, kisha unitumie karatasi. Kila unapotaka kulitazama lori, jiko liwe limezimwa. Na shemeji asilipeleke mlimani mpaka niandike tena.

Ndugu yako

*

Tarehe 10 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mpwa wako ana mafua lakini sauti haijaguswa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. "Mtu mwingine anaweza hata kufurahi." Uliandika hivyo kabla hujapata barua yangu ya Aprili. Ulijuaje?

Tone nimelidondosha. Karatasi iko ndani ya bahasha hii.

Nilimsomea mume wangu barua yako yote, neno kwa neno, tukiwa mezani. Alisikiliza. Alikata mkate wake vipande vidogo vidogo akaviacha. Kisha akasema, "Ndugu yako alisema lori limekufa. Lori likafufuka. Sasa anasema hata ufufuo ni ugonjwa." Nikamwambia, "Baba, yeye anasema ya chuma, hasemi ya Mungu." Akaniuliza, "Na kanisa zima lililosimama, lilisimamia chuma?"

Wewe ungejibu nini?

Kwaya yote itapanda humo, mdogo wangu. Wataketi kwenye mabenchi nyuma, na majoho yangu. Njia ni ile ya korongoni, ule mpando ambao upande mmoja ni mwamba na upande mwingine ni hewa. Mpwa wako atakaa mbele kando ya baba yake.

Dada yako

*

Tarehe 1 Juni

Dada yangu,

Nashukuru kwamba safari hii hukuandika kuwa shemeji ananisalimu. Hakuwahi kunisalimu, najua, na najua ulikuwa unanisalimu wewe mara mbili. Ahsante kwa zote.

Bahasha yako ilinuka kabla sijaifungua. Mwenzangu aliyekuwa kando yangu alizima sigara bila kuambiwa. Oili nzima, ukiidondosha kwenye karatasi, hukaa pale kama sarafu. Hii haikukaa. Ilitambaa ikaacha pete kubwa nyepesi, ikavuka ukingo, ikaingia kwenye barua yenyewe, ikayeyusha wino pale ulipomtaja mpwa wangu. Si pua yako.

Nisikilize. Oili iliyolowa petroli hailindi chuma. Kwenye tambarare injini itajikaza. Kwenye mpando ule, na mzigo wa watu, beringi zitakauka na injini itanoki, yaani itashikamana yote mara moja. Lori litasimama, kisha litaanza kurudi nyuma. Breki zake nazijua. Na huko ni kunoki tu. Ndani ya injini ya moto mna mvuke wa petroli unaosubiri cheche. Hapa kambini tulikuwa na lori la maji lenye ugonjwa huohuo. Dereva wake nilikuwa nacheza naye drafti kila Jumamosi. Sitaandika zaidi. Bao lake la drafti ninalo mimi.

Dawa ni ndogo. Nimemkabidhi dereva wa chakula kifurushi, mna kile kipande cha mpira, kipya. Hata Daktari anaweza kukifunga. Sabuni itolewe, pampu ifunguliwe, kipande kibadilishwe, oili yote imwagwe na itiwe nyingine. Boliti ya kumwagia iko chini kabisa ya injini, ni kubwa peke yake. Spana yake ni ile niliyoiacha kwenye droo ya cherehani yako.

Shemeji akikataa, fungua ile kofia yenye nyaya za plagi. Ndani mna kidude cheusi kinachozunguka, tunakiita rota. Kitoe, ufiche. Lori halitawaka.

Na nikurudie hili hata kama utanichoka: taa, jiko, kibiriti, chochote chenye mwali kisilisogelee, hasa wakati wa kumwaga. Hiyo si oili tena. Ni petroli iliyovaa koti la oili.

Ndugu yako

*

Telegramu, tarehe 14 Juni

SHEMEJI NAKUOMBA LORI LISIPANDE MLIMA. NILIYOSEMA MBELE YA WAPAKIAJI NAYAFUTA.

*

Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Hatuumwi.

Kifurushi kimefika. Mume wangu alikifungua, akakitazama kile kipande cha mpira, akakikunja tena kwenye karatasi yake na kukiweka juu ya kabati.

Telegramu aliipokea mwenyewe mlangoni. Aliisoma, akaisoma tena, akaikunja vizuri kama hati ya kiwanja. Jioni tukiwa tunakula, akasema bila kuniangalia, "Ukimwandikia, msalimie." Basi nakupa salamu hizo. Ni zake.

Nikadhani Mungu amefungua mlango. Nikamwambia, "Sasa basi, mwite Daktari afunge hicho kipande." Akakoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Nimeshatamka mbele ya kanisa. Nikiifungua pampu ile, nimefungua kinywa changu na kusema nilidanganya." Nikasema, "Hukudanganya, ulikosea." Akasema, "Waeleze wao tofauti yake."

Nilikwenda kwa mchungaji. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniambia shetani hupenda kuanzia kwa mke.

Rota niliitoa, nikaifukia kwenye unga. Daktari alikuja, akafungua ile kofia, akacheka, akatoa nyingine mfukoni kama mtu anayetoa karanga. Lori likawaka kabla sijanawa mikono.

Nilisema basi, mwache binti yetu abaki. Akaniangalia kwa macho yaliyochoka kabisa. "Nikimwacha wangu, nitawaambia nini wenye wao?" Na ni kweli, mdogo wangu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba ni kweli. Anaogopa. Nimelala naye miaka yote hii, naijua pumzi yake akiogopa. Lakini ataendesha.

Wanaondoka Jumamosi asubuhi. Kwanza watakusanyika kanisani kuomba, yeye pamoja nao, kisha atakuja kulichukua lori. Majoho yote yamekwisha. Mpwa wako alivaa lake jana akazunguka mbele ya kioo, akaniuliza, "Mama, mbona nanuka kama gereji?"

Nimefunga kula. Nimeomba. Sijui kama nimejibiwa au nimejijibu.

Ile spana nimeiona kwenye droo. Ni nzito kuliko nilivyoikumbuka.

Dada yako

*

Tarehe 5 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Mwandiko huu usikushtue, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa. Unapona. Sisi wote tuko hai, naanza na hilo ili usisome huku unatetemeka: mume wangu, mpwa wako, kwaya yote, kila mmoja.

Lori limeungua.

Nitakueleza kwa utaratibu. Jumamosi walikwenda kanisani kama nilivyokuandikia. Mimi nilibaki, nikasema nafunga chakula cha njiani. Nikawatoa kuku bandani, nikawafukuza hadi barabarani. Nikaanua nguo. Nikamwita jirani tukaibeba cherehani tukaipeleka kwake, nikamwambia nataka kufagia. Lile dumu la ziada nililimwagia shimoni kule nyuma, nikalifukia kwa mchanga. Kisha nikachukua spana, nikajilaza chini ya Mama Mkwe, na goti langu hili. Boliti ni kubwa kweli, na iko peke yake kama ulivyosema. Ilikaza, nikaisihi, ikalegea. Ile oili ilitoka nyembamba kama chai, mchanga wa uani ukainywa kana kwamba ulikuwa na kiu ya siku nyingi.

Nilikuwa nimekuja na taa ya chemli, imewaka. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta.

Nakomea hapo.

Walisikia kishindo wakiwa wanaomba. Wakaja wanakimbia, weupe wote, wakajipanga ukutani. Kwaya nzima na hakuna aliyetoa sauti. Mpwa wako alivua joho lake akanifunga nalo mkono. Lilikuwa bado linanuka. Mume wangu alisimama mbele ya ule moto, mikono imening'inia, na mdogo wangu, nilimsikia anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Vyuma vilipopoa Daktari alikuja, akachokora kwa kijiti mpaka akaipata pampu. Sabuni ilikuwa imeyeyuka yote. Kitobo kilikuwa wazi. Alikitazama kwa muda, akavua koti lake, akalitupia begani, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata watu walimgeukia mume wangu wakingoja ushuhuda. Alisimama. Akasema, "Lori limeungua. Sisi tupo." Akaketi. Mchungaji alitaja nambari ya wimbo haraka.

Hajaniuliza kitu. Kila asubuhi anaufungua mkono wangu, anauosha, anaufunga upya, taratibu, kama alivyokuwa akifunga turubai juu ya mzigo unaovunjika. Leo alipomaliza akaushika kidogo, akasema, "Mwambie shemeji kile kipande chake bado kipo juu ya kabati." Anakusalimu. Safari hii hukusalimiwa na mimi.

Lakini nikiomba, nafika pale kwenye chemli, nasimama. Siendi mbele. Juzi mchungaji aliniuliza mbele ya akina mama, kwa upole, taa ilikuwa ya nini. Nilisema mkono unauma, nikainuka. Najua atauliza tena.

Niombee mahali hapo.

Dada yako

*

Tarehe 23 Julai

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Salamu kwako, kwa mpwa wangu, na kwa shemeji yangu. Mwambie kipande kile akitunze, sidai kirudi.

Barua yako niliisoma mbali na wenzangu. Mahali unaposimama ukiomba, nitakuwa nimesimama hapo kila siku, ili usikae peke yako.

Shemeji akikuuliza, mwambie kweli. Nadhani anaijua. Mtu haoshi jeraha kila asubuhi asijue lilianzia wapi.

Wengine wote wakiuliza, dada, chini ya lori kulikuwa bado giza.

Ndugu yako